Nyuzi Ishirini na Tano

Nilisomea ualimu wa sayansi pale Butimba, nikahitimu vizuri tu, kisha nikakaa nyumbani kusubiri ajira mpaka mama akaniuliza kama cheti changu kinaweza kuungwa na nyanya kikaliwa. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kupima mafuta kwenye depo moja jirani na bandari, hapa Mwanza, sikuuliza maswali. Nilipewa kofia ngumu, buti zilizonizidi namba mbili, na fimbo ndefu ya shaba yenye mistari. Unapanda juu ya behewa la mafuta, unafungua mfuniko, unateremsha fimbo mpaka iguse chini, unaivuta, unasoma mafuta yameishia kwenye mstari gani. Unaandika, unashuka, unapanda behewa lingine.

Aliyenifundisha ni dada mmoja aliyekuwa anahamia Dodoma kumfuata mumewe, na mawazo yake yalishatangulia huko. Kwenye fomu yetu kulikuwa na kisanduku cha kuandika joto la mafuta, kwa sababu ofisini walikuwa na jedwali la kugeuza kipimo cha fimbo kuwa lita kamili kufuatana na joto hilo. Nikamuuliza kipimajoto kiko wapi.

"Kilivunjika kabla sijaja mimi," alisema. "Andika ishirini na tano. Joto la Mwanza halina mambo mengi."

Nikaandika ishirini na tano. Niliiandika siku hiyo, na kesho yake, na karibu kila siku ya kazi kwa miaka miwili, kipindi cha mvua na kipindi cha kiangazi, asubuhi na mchana. Msomaji aikumbuke hiyo ishirini na tano, maana ndiyo iliyonitia aibu kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na mimi si mtu wa kukosa aibu za kuchagua.

Mwanzoni haikumdhuru mtu. Mafuta tuliyopima yaliuzwa humu humu, mchana huo huo, kwa watu waliopigwa na jua lile lile lililotupiga sisi. Tulikosea wote pamoja, tukaelewana. Mambo yalibadilika wenzetu wa Uganda walipoanza kununua kupitia kwetu. Njia yao ya siku zote ilipita upande wa mashariki, na palipotokea mvutano wa wakubwa kuhusu njia hiyo, wakaanza kutafuta mlango wa pili. Mlango wa pili ulikuwa sisi: mafuta yashuke melini Dar es Salaam, yapande reli hadi Mwanza, kisha mabehewa yenyewe yaingizwe ndani ya meli na kuvushwa ziwa.

Lazima niseme kwamba kabla ya hapo nilikuwa bingwa wa kulalamika. Bei ikipanda nilimlaumu wa Dar. Wa Dar naye alimlaumu wa Ghuba, na wa Ghuba sijui alimlaumu nani. Meli zikichelewa kule kwa ugomvi ambao hatuujui kichwa wala miguu, wiki chache baadaye bodaboda wa Igogo anaongeza nauli, na mvuvi wa Kirumba anaacha injini nyumbani na kushika kasia. Sisi tulikuwa watu wa mwisho kwenye foleni, na mtu wa mwisho ana raha yake: anaweza kumlaumu kila aliye mbele. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja kutakuwa na mtu nyuma yangu.

Meli ile ilikuwa na reli tumboni. Kichwa cha treni kinasukuma mabehewa polepole hadi yanaingia, yanafungwa kwa minyororo, na kuanzia hapo ni mali ya mlinzi wa mabehewa. Mlinzi wetu alikuwa mzee wa Kikerewe, mrefu, mwenye maneno machache, ambaye umri wake wote wa kazi aliumalizia majini na alibakiza miezi michache kustaafu. Kazi yake ilikuwa kusafiri na mabehewa, kuhakikisha sili za mifuniko, yaani lakiri zake, hazijaguswa, na kuyakabidhi ng'ambo. Kabla ya kuondoka alipita behewa moja moja, akigusa kila sili kwa vidole viwili, kama mama anavyogusa paji la uso la mtoto anayemhisi kuwa na homa.

Mimi aliniita mwalimu, nusu kwa utani na nusu kwa kunihurumia.

"Shikamoo baba," ningemwambia.

"Marahaba, mwalimu. Umetupimia vizuri?"

"Nimepima, baba."

Kila safari ilikuwa hivyo hivyo, na nilikuwa napenda sana.

Ng'ambo kulikuwa na mwanamke mwenye kazi kama yangu. Yeye ndiye aliyepima mabehewa yakifika, na fomu yangu ikarudi na saini yake chini ya yangu. Hatukuwa tumeonana. Nilimjua kwa mwandiko wake wa mviringo, na kwa karatasi ndogo aliyoituma mara ya kwanza kupitia kwa mzee: "Mimi ndio napokea. Asante kwa kazi." Nikamtumia dagaa wa kukaanga kwenye kopo la maziwa. Kopo likarudi likifuatana na mkungu wa matoke. Ikawa desturi. Mzee alibeba dagaa akienda na matoke akirudi, bila kulalamika, ingawa mkungu mmoja ulikuwa mzito kuliko begi lake. Kwa miezi kadhaa nchi mbili zilifahamiana kwa njia ya tumbo, na mama yangu, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wowote, alianza kuwasifia Waganda kwa majirani.

Halafu safari moja mkungu haukuja. Ilikuja barua rasmi, ikieleza kwamba kila behewa linafika likiwa pungufu. Sili ni nzima, matangi hayavuji, lakini mafuta hayatoshi: madumu kumi na kitu kwa kila behewa, safari baada ya safari. Walikuwa wamenyamaza muda mrefu wakidhani yatarekebika yenyewe. Sasa walisema wazi kwamba upungufu ukiendelea watarudi kwenye njia yao ya zamani, mvutano au hakuna mvutano.

Nilishangaa jinsi watu walivyobadilika haraka. Wiki iliyopita alikuwa dada wa matoke, wiki hii ni "hao Waganda". Kwa mama lishe wetu pale nje ya geti ilishaamuliwa kwamba wanataka kushusha bei kwa ujanja. Nina hakika ng'ambo nako kulikuwa na mama lishe, na kwake ilishaamuliwa kwamba "hao Watanzania" ni wezi. Na mimi niliyewasema wa Dar miaka yote, nilikasirika kuliko wote. Sikuwa nimezoea kulaumiwa na aliye nyuma.

Bosi wetu, mfupi, mwenye simu mbili na subira nusu, aliita kikao. Walikuwepo watu wa depo, watu wa meli, na mzee wetu, ambaye alikaa kwenye benchi la karibu na mlango, kofia yake magotini. Bosi akaniuliza mimi kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mpimaji.

"Mimi nimepima," nilisema. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu huwa nasema kwa ukali. "Fimbo haidanganyi. Mafuta yametoka hapa yakiwa kamili. Yaliyotokea baada ya hapo waulizwe wa melini."

Wa melini mwenye kukaa na mabehewa alikuwa mmoja tu. Mzee aliniangalia mara moja, akarudisha macho kwenye kofia yake. Hakuulizwa mengi. Kabla ya saa sita wenye meli walikuwa wamemsimamisha kazi hadi uchunguzi ukamilike.

Kesho yake nilimkuta getini amekuja kurudisha koti la mvua, tochi na funguo.

"Shikamoo baba."

"Habari za kazi," alisema, akapita.

Asiyeishi na sisi anaweza kuona kwamba amenijibu, tena kwa adabu. Lakini huku kwetu mdogo akishatoa shikamoo na mkubwa akaiacha inaning'inia, hakuna haja ya tusi tena. Nilisimama pale na buti zangu kubwa, uso unawaka. Halafu, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikamkasirikia yeye. Nikajiambia, tazama mwizi alivyo na kiburi.

Alipelekwa mlinzi mwingine, kijana wa Musoma, mcha Mungu, aliyelala chini ya mabehewa kabisa ili asisingiziwe. Mafuta yakafika pungufu vile vile. Ungedhani basi mzee angesafishwa. Badala yake watu walisema kumbe alikuwa na wenzake. Mtu akishaitwa mwizi, hata asipokuwepo anaiba.

Jumamosi ya wiki hiyo nilikwenda Kisesa kwa mama. Mama anauza mafuta ya pamba kando ya barabara kuu, kwenye kibanda cha mabati, na mteja wake mkubwa ni mwanamke wa Sengerema ambaye zamani alivuka kwa kivuko na siku hizi anavuka kwa daraja, akichukua madumu kumi kila baada ya wiki mbili. Nilifika mchana, jua kali, nikamkuta mama amelala. Pipa lilikuwa nje juani. Nikaona nimsaidie: nikajaza madumu kumi hadi shingoni, nikayafunga vifuniko barabara, nikayapanga ndani kivulini. Nilijiona binti mwema sana.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, niliingia kibandani nikakuta madumu yote yamebonyea mbavu, kama ng'ombe wa kiangazi. Nikafungua moja. Mafuta yalikuwa yameshuka chini ya shingo, vidole viwili kamili.

"Mama," nikasema, "nani ameingia humu? Mafuta yamepunguzwa."

Mama alikuja na mswaki mdomoni. Akayatazama madumu, akanitazama mimi, akatema povu pembeni ili acheke vizuri.

"Ulijaza mchana?"

"Ndiyo."

"Basi ulijaza na jua. Jua limetoka, yamerudi kwenye ukubwa wake. Ndiyo maana mimi napima asubuhi, na yule wa Sengerema namwambia aje asubuhi. Miaka yote hiyo hatujawahi kuitana wezi." Akaanza kupiga mswaki tena, akasimama. "Si mlisoma hayo Butimba?"

Tulisoma. Tena si kusoma tu, niliyafundisha. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilisimama mbele ya kidato cha pili na tufe la chuma na pete, nikalipasha tufe moto, likakataa kupita kwenye pete, wanafunzi wakashangilia, na mkaguzi akaniandikia kwamba nina kipaji. Vitu vikipata joto hutanuka. Niliandika ubaoni kwa chaki ya rangi.

Nilikaa chini kwenye kizingiti cha kibanda na sikwenda kanisani. Niliyaona mabehewa yetu, meusi, yamesimama relini juani tangu asubuhi. Kila safari niliyapima saa nane mchana, kwa sababu ndio wakati meli ilipokuwa tayari kupokea. Nikajiona nikiandika ishirini na tano. Kisha nikayaona yakivuka ziwa usiku kucha, upepo wa maji ukiyapuliza, na yule dada wa ng'ambo akiyafungua alfajiri yakiwa yamepoa. Hakuna aliyeiba hata kijiko. Mimi ndiye niliyeuza jua, na mzee wetu alikuwa amekaa nyumbani kwake Igogo kwa ajili ya jua hilo.

Jumatatu nilipita kwanza Butimba kwa mwalimu wangu wa zamani, nikaazima kwake kipimajoto cha maabara. Hakuniuliza cha nini. Alifikiri hatimaye nimepata shule, akafurahi, na sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Saa nane mchana nilikifunga kamba, nikakiteremsha ndani ya behewa, nikasubiri dakika tatu, nikakivuta. Thelathini na sita. Behewa la pili, thelathini na tano. La tatu, thelathini na saba. Nililia pale juu ya behewa na kofia yangu ngumu kichwani, na waliokuwa chini walifikiri mvuke wa dizeli umeniingia machoni.

Nilimwendea bosi siku hiyo hiyo. Si mtu mjinga. Alielewa kabla sijamaliza.

"Sawa," alisema. "Kuanzia leo andika joto la kweli. Upungufu utaisha, na wao watanyamaza. Yaliyopita yamepita."

"Na mzee?"

"Mzee anastaafu karibuni. Atapata mafao yake, apumzike."

"Atapumzika akiwa mwizi."

Bosi alizigeuza simu zake zote mbili kifudifudi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Mwalimu, sikiliza. Tukisema tulikosea, wale watachukua mabehewa yao warudi mashariki. Reli itakosa kazi, meli itakosa kazi, wewe utakosa kazi. Nchi na nchi haziombani radhi."

"Mimi si nchi," nilisema.

Jibu hilo lilinitoka tu, halikuwa na ujasiri wowote ndani yake. Aliniambia nikalale, nikifikirie.

Sikulala. Jioni hiyo, jua bado lipo, nilipanda Igogo kwa miguu hadi kwa mzee. Igogo nyumba zimekaa juu ya mawe, na ya kwake ilikuwa juu kuliko nyingi, unafika unahema. Alikuwa uani anatengeneza kiti cha mkewe. Nilimwamkia, akanionyesha mahali pa kukaa. Nikamweleza yote: kipimajoto kilichovunjika, kisanduku, ishirini na tano, madumu ya mama. Alisikiliza bila kuacha kupiga msumari.

"Ulisema waulizwe wa melini," alisema nilipomaliza.

"Ndiyo, baba."

"Mke wangu hajaenda sala za jumuiya tangu neno hilo. Anasema wanamwangalia mikono kama amevaa bangili mpya." Akakijaribu kiti kwa kukitikisa. "Sasa unakuja kuniambia mimi. Mimi nilikuwa najua kwamba sikuiba. Nenda ukawaambie wale uliowaambia kwanza."

Nilishuka mlima ule nikiwa nimekasirika, kwa kuwa alikuwa na haki kabisa.

Usiku huo niliandika karatasi kwa yule dada wa ng'ambo, kwa mwandiko wangu bora wa ubaoni, nikamweleza kosa langu bila kulipamba. Nikaambatisha vipimo vya kweli vya Jumatatu. Nikakaanga dagaa, nikajaza kopo. Nilijua ninajiandikia barua ya kuachishwa kazi, na bado mikono ilikuwa myepesi, kama mtu aliyekwisha kutapika. Nahodha alikubali kubeba.

Meli iliporudi hakukuwa na barua. Aliteremka mwenyewe. Nilimtambua kwa kopo la maziwa alilolishika mbele ya tumbo. Alikuwa mnene, mwenye ovaroli ya bluu na kitambaa cha maua kichwani, na nyuma yake kulikuwa na mkubwa wake wa kazi, mwanaume mwembamba mwenye mkoba.

"Wewe ndio dagaa?" aliniuliza.

"Wewe ndiye matoke?"

Tukakumbatiana pale pale, bosi wangu akitazama kama mtu aliyekuta shangazi yake kwenye kesi.

Kikao cha pili kilikuwa katika chumba kile kile na watu wale wale, nilihakikisha hivyo. Mzee aliitwa, akakaa kwenye benchi lile la mlangoni. Nilisimama. Nilisema kwamba kwa miaka miwili sikuwahi kupima joto, niliandika namba niliyorithi. Kwamba mimi ni mwalimu wa sayansi na nilipaswa kujua. Kwamba nilipoogopa nilimtupia mzee huyu lawama bila kumwona na kosa lolote. Na kwamba mafuta hayajawahi kupotea. Yule mwanaume mwembamba akafungua mkoba, akatoa fomu za nyuma, na yeye na karani wetu wakakaa na jedwali, wakaweka makadirio ya thelathini na kitu mahali pa ishirini na tano. Safari kwa safari, upungufu ukayeyuka. Kilichobaki kilikuwa kidogo, kiasi ambacho fimbo mbili zozote hukosana.

"Mimi pia nina kosa," dada wa ng'ambo alisema. Kiswahili chake kilitembea polepole, kikichagua pa kukanyaga. "Mimi niliona karatasi zote ni ishirini na tano. Mvua, ishirini na tano. Jua, ishirini na tano. Nikasema, banange, Mungu anapenda Mwanza, jua lao halipandi, halishuki. Lakini sikuuliza. Nikasema hawa ndio wauzaji, wanajua."

Watu walicheka, hata karani. Mzee hakucheka.

Mkubwa wa yule dada alifunga mkoba. Alisema wanaendelea na njia ya Mwanza, kwa sharti moja: vipimajoto viwili, kimoja cha kila upande, viteremshwe pamoja na visomwe pamoja, na mpimaji wao awepo wakati wa kupakia. Bosi wangu aliafiki kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikia wazo lake mwenyewe likirudishwa kwake. Mimi nilipewa barua ya onyo, ambayo ninayo hadi leo, na ambayo niliisoma kwa furaha kama barua ya ajira. Mzee alirudishwa kazini kwa maandishi, na nakala ikabandikwa ubaoni getini, pale mama lishe anapoweza kuisoma.

Mchana huo nilimpeleka mwenzangu wa ng'ambo kula sato. Alikula bila haraka, akitoa miiba na kuipanga pembeni ya sahani kwa mstari, nikajua kweli huyu ni mpimaji.

"Unajua sisi tuna mafuta yetu," alisema. "Kule magharibi, chini, kwenye Ziwa Albert. Mazito sana. Yakipoa yanaganda kama samli. Bomba lake linapita kwenu mpaka Tanga, na lazima lipashwe moto njia yote, ndio yatembee."

"Nimesikia."

"Basi. Leo wewe unauza, mimi nakuuliza joto. Kesho mimi nitauza, na wewe utaniuliza joto." Akalamba vidole. "Usiogope kuuliza. Mimi niliogopa, ona."

Nilimwambia kwamba mimi kwa kuuliza sina shida, shida yangu ni kujibu, akacheka mpaka akashika meza. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilimfikiria yule wa Dar niliyemtukana miaka yote bila kumjua, na yule wa Ghuba nyuma yake. Nikawaona nao wamepanda juu ya matangi yao juani, na fimbo zao, kila mmoja akiwa na kisanduku ambacho aliambiwa asikijali sana. Sisemi wote ni waaminifu. Nasema sikuwahi kuwauliza.

Mabehewa ya kwanza ya utaratibu mpya yalipakiwa wiki ile ile, saa nane mchana, jua utosini. Mzee alifika na koti lake la mvua begani na funguo kiunoni, akapita katikati yetu.

"Shikamoo baba," nilisema.

Hakujibu. Alianza na behewa la mwisho, akiangalia minyororo. Niliinamisha kichwa nikajishughulisha na kamba. Nilikuwa nimeshasema mbele ya wote, nikidhani kwamba hiyo inatosha, na kumbe kinachotosha si mimi wa kukipanga.

Tulipanda juu ya behewa la kwanza, mimi na mwenzangu, kila mmoja na kipimajoto chake. Cha kwake alikitoa ndani ya soksi ya mtoto. Tulikuwa bado tunafungua mfuniko mzee alipopanda ngazi nyuma yetu. Akanyoosha mkono.

"Leteni hapa. Nyinyi mna haraka."

Alizishika kamba zote mbili mkono mmoja, akaviteremsha vipimajoto polepole, akasimama. Dakika tatu ni ndefu juu ya behewa la chuma. Upepo ulitoka ziwani na harufu ya samaki na dizeli, na chini yetu wapakiaji waliacha kazi wakatutazama. Kisha akavivuta, akaviinua sawa na macho, kimoja kulia na kingine kushoto, na kusoma kwa sauti ambayo hata wa chini waliisikia.

"Chako, mama, thelathini na sita. Chako, mwalimu, thelathini na sita."

Mwenzangu akaandika. Nami nikaandika, kwenye kisanduku kile kile, namba ambayo sikuirithi kwa mtu. Nilibonyeza kalamu kupita kiasi, ile sita ikakaa upande.

Mzee alifunga mfuniko, akapachika sili, akaibana, akaigusa kwa vidole viwili. Kisha, akiwa ameshaanza kushuka ngazi, uso wake umelingana na buti zangu, akainua macho.

"Marahaba, mwalimu," alisema. "Leo umetupimia vizuri."